Kiingereza cha Ngazi Zetu

Wiki iliyopita nilipita Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, kumchukulia Mama dawa zake, nikaona jengo letu la zamani limezungushiwa mabati. Wanalibomoa. Niliegesha gari upande wa pili wa barabara, nikashusha kioo, nikaliacha joto liingie. Madirisha ya ghorofa yetu yameshang'olewa, na ukutani pamebaki alama ya mahali kiyoyozi kilipokuwa kikinguruma na kudondosha maji mchana kutwa. Fundi cherehani wa pale chini hayupo tena. Nilikaa mpaka mtu akanipigia honi nimwachie nafasi. Ningependa kukwambia, rafiki yangu, kwamba nilisikia huzuni tu, ile tamu ya mtu aliyeona alipokulia. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini yake, kizito zaidi, ambacho nikikisema watu hunambia, wewe ulikuwa mtoto, una kosa gani? Ngoja nikusimulie.

Tulikuwa watu wanne pale juu: Baba, Mama, Bibi mzaa mama, na mimi. Sisi ni Waomani wa kutoka Unguja; ndani ya nyumba tulisema Kiswahili cha huko, tukivuka mlango tukasema Kiarabu, na mimi skuli nikasomeshwa Kiingereza. Ijumaa asubuhi Bibi alikuwa akikuna nazi. Aliketi juu ya mbuzi yake ya mbao, iliyosafiri naye kutoka Unguja imefungwa ndani ya mkeka, na sauti ya kukuna ilisikika ngazi nzima, kru, kru, kru, pamoja na harufu ya iliki na vitunguu vinavyokaangwa.

Ijumaa moja, katikati ya sauti ile, mlango ukagongwa. Nilipofungua nilimkuta mwanamke mwembamba mwenye uso wa Kihindi, amevaa gauni la maua makubwa. Nilimjua. Alikuwa Mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, aliyehamia ghorofa ya chini ya jengo letu siku zile zile. Nikajibanza nyuma ya mlango nikidhani kaja kunishtaki. Yeye hata hakuniona. Alikuwa akiitazama mbuzi. Aliuliza, kwa Kiingereza, kama anaweza kukaa. Bibi hakufahamu neno hata moja, lakini aliona yale macho, akainuka akampisha. Mwalimu akakusanya gauni lake, akaketi, akakishika kizio cha nazi kwa mikono miwili, na nazi nyeupe ikaanza kuanguka kwenye sinia, nyembamba, sawasawa, kama aliyezaliwa Makunduchi.

Bibi akanigeukia. "Muulize, katoka wapi huyu?"

Alitoka Fiji. Ilibidi nieleze ni visiwa, viko bahari ya upande wa pili wa dunia kabisa, nazi ziko, mihogo iko, majimbi yako, shelisheli liko. Babu yake alichukuliwa kutoka India na Waingereza kwenda kukata miwa Fiji, akafia huko huko. Waingereza wakaondoka, watoto wa wakata miwa wakabaki. Yeye Mwalimu India hajafika hata siku moja. Akisema Kihindi chake na fundi cherehani wa pale chini, aliyetoka India, fundi hucheka taratibu, eti anasema kama watu wa kijijini kwa bibi yake, maneno ya zamani yaliyochanganyika na mengine asiyoyajua.

"Basi ni kama sisi," Bibi alisema. "Ukimwona utamwita Mhindi, na Wahindi wenyewe wanamcheka."

Tangu siku ile Mwalimu akawa wa kwetu. Alasiri, baada ya watu kulala kidogo na kuamka, alipanda ngazi na kuingia jikoni bila kusubiri kukaribishwa. Bibi alimpikia majimbi kwa tui zito, na mara ya kwanza Mwalimu alikula ameinamisha kichwa asionekane. Na mimi nilikaa katikati yao, kwenye kigoda, nikifasiri. Bibi alimfundisha Kiswahili kwa kumwonesha vitu: kisu, kifuu, chungu, moto. Sijapata tena kuwa mtu muhimu kama nilivyokuwa jikoni mle.

Ndipo nilipogundua kwamba Mwalimu ana Kiingereza cha aina mbili. Darasani alisema kile cha kitabu, kilichopigwa pasi. Akivuka geti la skuli kikalegea, kikapata mwendo mwingine, sauti ikipanda mwishoni mwa maneno. Nyumbani hakusema "we" kama kitabu. Tukiwa mimi na yeye tu alisema "us two". Tukiwa kundi, watoto wote wa ngazi, alisema "us gang". Jambo likishakuwa sawa alisema "set", basi, limekwisha. Nikamuuliza kwa nini hasemi kama anavyotufundisha. Hakukasirika. Alinieleza kwamba wenyeji wa asili wa visiwa vyao wana neno la sisi wawili na neno jengine la sisi wengi, na kwao ni vitu tofauti kabisa. Kiingereza kilifika na neno moja tu la kubebea watu wote. Watu wakaliona halitoshi, wakaongeza lao.

Nikamfasiria Bibi. Alifikiri huku akikoroga. "Si ndiyo twende na twendeni? Nikikwambia twende, mimi na wewe. Nikisema twendeni, nyote. Kiingereza hakina?"

"Hakina, Bibi."

"Basi wamefanya vizuri kukitengeneza."

Na sisi watoto tukakiendeleza. Kwenye ngazi zile alikaa msichana wa Kisudani, shoga yangu wa damu, walikaa ndugu wawili wa Kifilipino, watoto wa Kimalayali, Wahindi wa Kerala, wa juu kabisa, na sisi Waomani. Lugha ya pamoja ilikuwa Kiingereza, lakini si cha kitabu. Tulikitilia "yalla" na "khalas" za Kiarabu, yaani haya na basi, tukakitilia "twende" yetu, tukamalizia kwa "set" ya Mwalimu. Mafilipino walituletea maneno yao, nasi tukayachukua. Tuligombana, tukadanganyana, tukatungiana nyimbo za kuruka kamba kwa lugha ile. Hakuna aliyetufundisha na hakuna aliyekosea. Saa ya magharibi mama zetu walipotuita kutoka madirishani, kila mmoja kwa lugha yake, tuliagana kwa hiyo yetu.

Sasa nikwambie habari ya Mama, kwa sababu bila hiyo utamwona mbaya, na hakuwa mbaya. Mama alikuja Maskati msichana, Kiarabu chake cha chuoni, cha kusoma Kurani. Akapata kazi benki, akawekwa dirishani. Siku za mwanzo alimsemesha mzee mmoja wa kiume kwa maneno ya kumsemeshea mwanamke. Kiswahili hakina mambo hayo ya mke na mume, ulimi ulimponyoka tu. Foleni nzima ikacheka, na mzee naye akacheka. Wenzake kazini wakaifanya salamu. Kwa miezi walimsalimu kila asubuhi kwa kosa lake mwenyewe. Alikuwa akirudi nyumbani anajifungia chooni anafungua bomba la maji ili asisikike. Hayo alinambia Bibi, Mama mwenyewe hakuyasema. Mama alisema jambo moja tu, tena mara nyingi: mwanangu akifungua mdomo, asicheke mtu.

Mwisho wa mwaka ukaja na sherehe ya skuli. Nilichaguliwa kuwakaribisha wageni kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza. Mama alinishonea gauni jeupe, akachukua ruhusa kazini, akakaa safu ya pili. Nilisema yote niliyohifadhi bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Kisha mgeni wa heshima, mwanamke wa Kiingereza mwenye sauti laini, akaniinamia akaniuliza mbele ya kipaza sauti nitafanya nini likizo. Shoga yangu Msudani alikuwa kasimama pembeni yangu na mashada ya maua. Nikajibu kwa furaha: "Us two go beach, Miss. Us gang all go Qurum. Set."

Ukumbi ukacheka. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, kile watu wanachomchekea mtoto. Lakini nilimwona Mama akiutazama mkoba wake uliokuwa mapajani.

Nyumbani hakunigombeza. Alinikalisha kitandani akaniuliza maneno yale nimeyapata wapi. Ningeweza kusema kwa watoto wenzangu, na ingekuwa kweli. Lakini nilifikiri anapenda kujua. Nikamwambia ni ya Mwalimu, nikamhesabia yote niliyokuwa nayo, nikamuigizia na sauti inavyopanda mwishoni, nikacheka, nikamngoja naye acheke.

Mama alikwenda skuli. Wazazi wengine nao walikwenda. Walikuwa wakilipa ada ya Kiingereza, walisema, si ya lugha ya visiwani. Baba hakutaka, alisema mwanamke yule jirani, lakini hakumzuia. Siku chache baadaye nikaitwa ofisini kwa Mkuu wa skuli. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mikono imelala mapajani. Mkuu akaniambia kwa upole nimwoneshe tunavyozungumza na Mwalimu nyumbani.

Nikafikiri ni mashindano. Nakuapia, nilifikiri Mwalimu anataka kupewa zawadi na mimi ndiye wa kumsaidia aipate. Nikasimama wima, nikasema kila neno, nikatunga na hadithi ndogo ya Ijumaa, nazi na majimbi, yote kwa Kiingereza cha ngazi. Sijawahi kukisema vizuri vile. Nilipomaliza nikamtazama.

Mwalimu alikuwa akitabasamu. "Umesema vizuri sana," aliniambia, kwa Kiingereza cha kitabu. "Rudi darasani sasa."

Mkataba wake haukuandikwa upya. Na hapa kwetu mgeni akikosa mkataba hukosa na kibali cha kukaa. Walinambia anarudi kwao, nikadhani anakwenda likizo.

Siku moja Bibi alimkabili Mama jikoni, nami niko mlangoni.

"Umesahau walivyokucheka?" Bibi aliuliza.

"Sikusahau, Mama. Ndiyo sababu."

Bibi akalifunika sufuria.

Siku ya kuondoka Mwalimu alipanda kumuaga Bibi. Walikaa wakashikana mikono, wakasema yale maneno machache waliyokuwa nayo, yakaisha, wakaendelea kushikana mikono. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Mimi nilitumwa chini kumshikia teksi isiondoke, na nikacheza na shoga yangu kwenye kivuli cha gari mpaka Mwalimu akatokea. Alinibusu kipajini. Nilimuuliza atarudi lini, akacheka.

Akaja mwalimu mwengine mwenye Kiingereza safi, na mimi nikakichukua chote. Nilikuwa hodari wa kuchukua. Leo nafanya kazi ofisi moja ya Qurum, na wageni wanaponisikia mikutanoni huuliza nilisoma London au wapi. Nikisema hapa hapa Maskati, wananisifu. Mama akiwepo hufurahi, uso wake hung'ara. Namtazama akifurahi, na mwenyewe najisikia kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu. Kila mlango niliofunguliwa ulifunguliwa na ulimi huu, na najua nani alifungiwa nje ili mimi niupate.

Wale watoto wa ngazini wametawanyika. Msudani yuko Kanada nasikia. Mafilipino walirudi kwao, wale wa ghorofa ya juu sijui. Kiingereza chetu kilikuwa na wasemaji wanane au tisa duniani, na hatukukirekodi, hatukuwarithisha watoto wetu. Nimejaribu kukisema peke yangu garini. Hakikubali. Kinataka mtu wa kukijibu.

Jioni ile niliyopita Khuwair nilirudi nyumbani Ansab, ambako Mama anakaa nami sasa, nikampa dawa zake na nikamwambia jengo linabomolewa. Akaanza kufungua pakiti ya vidonge. Nilidhani hakusikia, masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha. Kisha akasema, "Yule mwalimu aligonga mlango wangu siku ile."

Sikujua. Nilikuwa chini na teksi.

"Nilikuwa nimekaa kitandani. Akagonga, akasema kwa Kiswahili, 'Mimi nakwenda, mama. Wewe nakaa salama.' Kakosea. Nikasema moyoni, wewe, hata hicho hukijui. Nikanyamaza mpaka nikasikia viatu vyake vinashuka." Alizungusha kidonge kiganjani. "Nnakumbuka sauti yake. Nilimfahamu kila neno."

Nilimletea maji. Akanywa, akanirudishia gilasi.

"Jina lake nani yule?"

Nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Sisi watoto tulimwita Misi. Bibi alimwita Bi Mwalimu, na Bibi tumeshamzika. Lakini Bibi asingemwacha mtu atoke jikoni mwake bila kumuuliza jina, hiyo nina hakika, na aliyekuwa akifasiri mle ndani alikuwa mimi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipokea jina lile kutoka kwa mmoja na kumpa mwengine. Lilipita hapa, kinywani mwangu.

"Silikumbuki, Mama," nilimwambia.