Koti la Babu Chini ya Gurudumu

Mama alitangulia shambani kwa babu, njia ya Kakanda, pamoja na wanawake wa kilio, na koti akalisahau. Asubuhi akanipigia simu, sauti imekauka kwa kulia.

"Iko mu kabati. Nimeishaipiga pasi. Usiitoshe mu plastiki yake, usiiguse na ile mikono yako. Umesikia?"

Nilisikia. Shida yangu haijawahi kuwa masikio.

Koti lilikuwa la babu, nkambo kama tunavyomwita: bluu nzito, vifungo vya rangi ya dhahabu, la misa ya kila Jumapili tangu alipostaafu kiwandani. Kila mtu alikuwa ameambiwa, hata padri: siku yangu mnivalishe lile. Baada ya Noeli alilileta kwetu Likasi lishonwe kifungo, akarudi kwenye mahindi yake, akafa kabla ya kulichukua. Sasa alikuwa anazikwa mchana huo, na koti lake lilikuwa mikononi mwangu, mimi ambaye nikiomba ruhusa ya kwenda choo, darasa zima linaanza kucheka.

Baba mdogo alinipitia na jipu ya bosi wake, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa ameiazima kwa sharti moja: irudi jioni, na irudi safi.

Kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimeshalivaa koti. Ndiyo, nililitoa kwenye plastiki, nikainua kola, nikakohoa kikohozi cha babu, kile kinachoanzia tumboni na kumalizika kwa "ah, bon!" Nikawa nawapungia watu wa baiskeli za makaa kama waziri.

"Tosha ile koti," baba mdogo alisema, lakini mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Endesha polepole, mutoto wangu," nilimjibu kwa sauti ya babu. "Minye niko muzee, na hii barabara iko muzee kunipita."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Tangu baba yake afe sikuwa nimemwona akicheka, kwa hiyo nikaona ninafanya kazi nzuri, nikaendelea. Joto liliponishinda nililivua koti, nikalitupa nyuma, juu ya magunia matupu.

Mvua ilitukuta karibu na shamba, pale malori ya madini yalipochimba shimo katikati ya njia. Baba mdogo alishuka, akapima tope kwa fimbo, akarudi, akavuta kile kifimbo kidogo cha nguvu za magurudumu manne. "Tukiingia, hakuna kusimama," alisema. Tukaingia. Jipu iliteleza, ikageuza matako, ikakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Magurudumu yalizunguka bure.

"Shuka! Weka magunia chini ya mupira!"

Nilishuka, tope likanifika magotini, mvua machoni. Nikafungua nyuma, nikakumbatia rundo lote kwa mara moja, nikalisokomeza mbele ya gurudumu na kulishindilia kwa kisigino.

"Twende, muzee!"

Gurudumu likashika, likatoa moshi, likaruka. Jipu ikapanda ikitikisa mkia, ikaniogesha kuanzia nywele. Nami nikacheza ngoma ndani ya lile shimo, mikono juu, peke yangu. Kisha nikainama kukusanya magunia. La kwanza. La pili. La tatu lilikuwa na kifungo cha dhahabu.

Baba mdogo hakuweza kusimama mpaka afike penye udongo mgumu. Alikuwa ananingoja huko mbele akipiga honi. Nilimwendea nikiwa nimelibeba koti kwa mikono miwili. Akalitazama. Akavua kofia yake.

"Panda," alisema tu.

Heri angenipiga kofi.

Sasa, kwetu kuna jambo moja. Kwenye kilio cha babu, mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto wa marehemu hana: kumtania maiti. Anaweza kuvaa kofia yake, kuchechemea kama yeye, kumdai tumbaku. Wanaolia wanahitaji pa kupumzikia. Tulipofika, binamu yangu alikuwa anazunguka na fimbo ya babu akitaka wanawake wamsalimie kwa heshima. Lakini wote walikuwa wananisubiri mimi.

"Eeeh! Anafika mwenyewe!" Shangazi, dada mkubwa wa baba, alipiga makofi. "Muangalie namna amejipakaa!"

Nikanyoosha mikono. "Tantine, koti iko hii."

Ua zima likaanguka kwa kicheko.

"Hii takataka umeiokota wapi, weye? Ona, ameichora na mupira wa motokari!"

"Ni ya kweli, tantine."

"Ni ya kweli!" akaniiga, pua juu, wakacheka tena. "Bon, tumecheka. Leta sasa ya nkambo. Bameishamuosha, iko anangoja."

Nikaanza kulia.

"Mama yangu! Ona anavyojua kulia! Huyu mutoto!"

Mama alipita katikati yao. Yeye hakuwa anacheka. Aligeuza ukingo wa koti, akatazama nyuma ya kifungo cha pili. Pale palikuwa na uzi mwekundu, kwa sababu siku alipokishona uzi wa bluu ulikuwa umeisha. Akaweka kidole juu yake.

"Muache kucheka," alisema. "Ni yenyewe."

Kicheko kilikatika vipande vipande, wa mbali wakiwa wa mwisho kuelewa. Hakuna aliyenifokea. Nyanya, mjane wa babu, aliyekuwa amenyoosha miguu juu ya mkeka, aliomba aletewe koti. Akalipapasa. Kisha akamuuliza baba mdogo:

"Jipu munaenda kuiosha ku mto?"

"Ndiyo, mama. Patron anaitaka propre."

"Muende na hii. Na huyu."

Mtoni baba mdogo alirusha maji chini ya jipu, akachokonoa tope kwa kijiti, likawa linadondoka mabonge mabonge. Kwenye ekseli alikuta bitana ya koti imejisokota. Aliitoa utepe baada ya utepe, na kila utepe akanipa mkononi, kana kwamba ningeweza kuurudisha. Mimi nilikuwa nafua juu ya jiwe. Sikuthubutu kusugua kwa nguvu. Kitambaa kilikuwa laini kama mkate uliolowa. Maji yalitoka mekundu, halafu meupe. Chapa ya gurudumu haikutoka. Ilikaa mgongoni kuanzia begani hadi kiunoni, imepangika vizuri kabisa. Pembeni yangu jipu ilikuwa inang'aa kama haijawahi kwenda popote.

Nyanya alilikagua pande zote.

"Atalala chali," alisema. "Mugongo hautaonekana."

Wakamvalisha likiwa bichi. Mama alifunga vifungo mwenyewe. Maji yalichuruzika kutoka kwenye jeneza, shangazi akatandika kanga chini.

Kabla ya kupigilia misumari waliniita. "Weye wa mwisho! Utaacha nkambo aende bila kumuchokoza?"

Utani nilikuwa nao. Ulikuwa umenijia mtoni, wenyewe, bila kuitwa, na ndio unaonitia haya hadi leo: *Nkambo, hata motokari imepita juu yako, na hukuamka!* Wangecheka sana. Ulikuwa pale kwenye ulimi. Nikatazama kifua chake, kifungo cha pili. Nikafungua mdomo niuseme, badala yake kikatoka kikohozi, kutoka tumboni, mara mbili.

"Ah, bon!" watu wakamalizia kwa pamoja, na kicheko kikaruka juu ya jeneza. Hata baba mdogo alicheka, akijifuta macho.

Mama hakucheka. Alinishika shingo kwa nyuma, mkono wake ukiwa bado na maji ya koti, nami nikazidi kukohoa.