Majani Yenye Mashimo

Waithira wa Gatuanyaga hakuwa mwongo. Tuanze na hilo, maana yanayofuata yatakufanya umfikirie vibaya, na mwenyewe ameshajifikiria vibaya kukushinda.

Kwa miaka minne alilima sukumawiki bila dawa ya dukani. Majirani walimcheka. Wao hufanya kama wengi wa pale: shamba la soko hupigwa dawa, na mistari michache nyuma ya jikoni huachwa hivyo hivyo kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Hakuna anayeificha desturi hiyo wala kuionea haya. Waithira ndiye aliyeiona kuwa aibu, akaisema mpaka akina mama wa kanisani wakachoka kumsikia. Yeye alitumia samadi, majivu na maji ya pilipili, na mboga za soko zilikuwa zile zile za nyumbani kwake.

Mteja wake mkubwa alikuwa Awiti wa Mwiki, mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Ruiru. Mamake Awiti alikuwa ametoka hospitali baada ya kupasuliwa tumbo, na Awiti hakutaka kumlisha kitu asichojua kilikotoka. Mara ya kwanza alipoona majani yametobolewa, alikunja uso.

"Hayo mashimo ndiyo risiti," Waithira alimwambia. "Mdudu akikula na asikufe, hata wewe hutakufa."

Awiti alicheka, na tangu siku hiyo akawa anatafuta mashimo kwanza kabla ya kupokea mboga.

Mwaka huu, mwezi wa pili, jua liliwaka na viwavi wakaja kwa fujo. Majivu waliyalalia. Pilipili sijui kama hata waliisikia. Alhamisi asubuhi Waithira aliazima pampu ya mgongoni kwa jirani yake Muoki, akanunua dawa, akapiga shamba lote isipokuwa mistari minne nyuma ya jikoni. Hiyo aliiruka bila hata kufikiri. Kwenye chupa iliandikwa wazi kwamba mboga zisichumwe kabla ya siku saba.

Jumamosi ilikuwa siku ya Awiti. Angeweza kupiga simu aseme wiki hii hakuna mboga. Lakini jina lake lilikuwa kubwa na alilipenda, basi akaingia shambani akachuma. Hapo ndipo mimi humkasirikia. Alichagua majani yenye mashimo, yaliyoliwa kabla ya Alhamisi, akayaacha yale mazima yasije yakamshtaki. Aliyaosha mara mbili, akajiambia maji yametosha.

Kule Mwiki alipokewa na mamake Awiti mwenyewe, mdogo kama mtoto kwenye kiti, na shuka magotini. Mama yule aliinua jani moja dirishani akachungulia mwanga kupitia shimo.

"Wadudu wako wameshiba," alisema. "Sasa na mimi nishibe. Mungu akubariki, mama."

Waithira alikataa chai, na si mtu wa kukataa chai.

Alipofika nyumbani saa saba alimkuta mbuzi wa Muoki katikati ya sukuma, anatafuna. Alitupa mkoba chini akakimbia, leso ikamdondoka kichwani, asiiokote.

"Pole pole, Mama Kang'ethe," Muoki alisema kutoka kwenye ua. "Ni majani mawili tu amekula."

"Mtoe haraka! Iko na dawa. Atakufa huyu."

Muoki aliruka ua, akamshika mbuzi pembe, akamtoa majani mdomoni kwa vidole. Kisha akanyoosha mgongo. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu kama mtu anayeuliza.

"Na hizo ulipeleka Mwiki asubuhi, ulitoa wapi?"

Kwa ajili ya mbuzi wa watu Waithira alikuwa amekimbia kichwa wazi, na mgonjwa mwenye mshono tumboni alikuwa amemkabidhi mboga hizo hizo kwa mikono miwili. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Alitoa simu pale pale shambani.

Awiti alipokea kwa furaha. "Mama amemaliza sahani yote leo! Ya kwanza tangu atoke hosi."

Waithira alisema yote: Alhamisi, pampu, siku saba, na mashimo aliyoyachagua. Hakujitetea. Upande wa pili akamsikia yule mama akiuliza jambo kwa Kijaluo.

"Mama Kang'ethe," Awiti alisema, bila kupandisha sauti. "Nyinyi kwenu mmekula nini leo?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwanawe Kang'ethe alikuwa ameshajipakulia ugali, anakula.

"Sukuma," Waithira alisema.

"Ya wapi?"

"Ya nyuma ya jikoni."