Muhuri wa Mwenyekiti Juu ya Imeli

Kitanda changu ndicho kilichotolewa kwanza. Kikafuata kabati, halafu sufuria, moja bado ina mchuzi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alisimama mlangoni mwa nyumba yetu ya Nalufenya na karatasi mkononi, majirani wanatazama.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu," alisema. "Ukitaka kugombana, gombana na karatasi."

Karatasi ilisema mume wangu ameniacha, nihame, nyumba amempa ndugu yake. Chini kulikuwa na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, wa bluu, umekolea vizuri.

Mume wangu alikuwa askari jela. Alipoacha kazi alikwenda Ulaya kulinda maghala. Ilikuwa miaka ya tisini inaishia, barua pepe ndiyo kwanza zinaingia Jinja. Sisi tuliziita imeli. Mimi shule niliishia praimari ya nne, kompyuta sikuwahi kuigusa. Alituma kwa anwani ya duka moja la kompyuta mjini, mwenye duka ananichapia, mimi nasoma polepole Kiswahili chetu cha kambi ya askari jela. Kila mara alianza na paa la jiko: bado linavuja? Hata akiwa mgonjwa, paa kwanza.

Karatasi ya shemeji, nayo imeli iliyochapwa kwa jina la mume wangu, haikuuliza paa. Iliniita kwa majina yangu yote matatu, kama mahakamani. Nilishtuka, lakini muhuri ulinifunga mdomo. Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Yenye muhuri, mtu anatii. Nikamfuata mwenyekiti.

"Mama, si umeona muhuri?"

"Muhuri ni wako, mwenyekiti."

"Basi. Mimi napiga muhuri juu ya uongo?"

Nikahamia kwa dada yangu, kijijini Wanyange. Nakala niliyopewa nikampelekea mwenye duka. Akaitazama, akachukua penseli.

"Hii haikupita kwangu, mama. Jina la mtumaji anaandika mtu mwenyewe, hata mimi naweza kuandika la mzee wako. Tazama anwani iliyofuata jina. Linganisha na zako za zamani."

Nikalinganisha. Mwisho wake ulikuwa mwingine kabisa. Tena ilikuwa imetumwa kwenye duka la Mbale. Mume wangu anwani ya Mbale aliipata wapi? Aliyekuwa anakaa upande huo, huko Wanale, ni shemeji.

"Usijibu hapa, utamjibu huyo huyo mwongo," mwenye duka alisema. "Tuandike kwa anwani yake tunayoijua."

Jibu lilichukua wiki mbili. "Paa la jiko bado linavuja? Mimi sikuandika maneno hayo. Usitoke ndani ya nyumba." Nilisoma nimekaa kwenye veranda ya dada yangu.

Mwenyekiti alilisoma, akanirudishia.

"Hii haina muhuri."

"Si upige?"

"Siwezi kupiga mihuri miwili kwa nyumba moja, mama."

Mume wangu alifia huko huko Ulaya, kabla ya kurudi kusema kwa mdomo wake. Shemeji yumo ndani ya nyumba mpaka leo. Mimi nimechoka hata kuchukia. Lakini nasema wazi: shemeji aliitunga, fundi wa duka la Mbale akaichapa, mwenyekiti akaifanya kweli. Hao wawili najua watakana. Wewe mwenyekiti ninakuona sokoni kila wiki, unanisalimu vizuri. Acha salamu. Simama mbele ya majirani wale wale waliotazama kitanda changu, uwajibu: kabla ya kupiga muhuri ule, ulimuuliza nani?