Barua Niliyoandikia Ordinateur

Mwanangu, kuna siku moja ya wakati wa vita, nikiikumbuka nacheka peke yangu. Moulin yangu ya kusaga unga kule Kirumba ilikuwa imekufa. Fundi wangu Paluku alifungua pompe inayosukuma mazuti, yale mafuta ya moteri, akairudisha, moteri ikakataa kuwaka. Njia ya kwenda kutafuta pompe nyingine askari waliifunga. Bamama walikuwa wanafika na mihogo kichwani, wanarudi nayo. Wiki moja tena wangenihama wote, na ile moulin ndiyo ilinifanya mutu.

Nikasikia Butembo kuna nyumba yenye ordinateur, zile kompyuta zinazosoma karatasi za dunia nzima, hata za wanaotengeneza moteri. Njia ya huko ilikuwa bado wazi, nikaenda. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, lakini nilivaa viatu vya ngozi, na mutu wa viatu vile haulizi. Kavira, dada aliyeongoza pale, akanionyesha kisanduku cheupe cha kuandikia. Nikamwambia, "Niache, najua."

Nilichojua ni kuomba kitu kwa mkubwa, njo vile tu. Kwetu husemi shida mbele ya salamu. Donc nikaandika kwa kidole kimoja: Bonjour Monsieur, bibi na batoto wako wazima? Huku vita inatusumbua, lakini Mungu yuko. Nikajitaja, nikataja baba yangu na kijiji chake. Pompe nikaiweka mwisho, kwa heshima. Ordinateur ikajibu kwamba haikuona kitu. Nikafikiri sikusalimia vizuri, nikaongeza salamu za wakwe.

Kavira akasoma nyuma ya bega langu, akashika mdomo.

"Papa, hii haina bibi. Habari ya nyumba yake unauliza ya nini?"

"Sasa inaombwa namna gani?"

"Jina la moteri na neno pompe. Basi."

"Bila hata bonjour?"

"Bila, Papa. Yenyewe haikasiriki."

Nikaandika. Majina yakajaa. Akanifundisha kwamba neno la bluu lenye mstari chini ni mlango: unalibonyeza, unaingia karatasi nyingine, ukipotea, kuna mshale wa kukurudisha. Nikaingia moteri, nikapotea kwenye matrekta, nikarudi, nikacheka kama mutoto. Halafu mchoro ukatoka: vipande vyote vya pompe, na kile ambacho Paluku alikiweka kichwa chini.

Nikampelekea Paluku mchoro, akakigeuza kile kipande, na kesho yake mchana moteri ikawaka. Paluku alinuna kidogo, kisha bamama wakamvuta wakacheza naye, unga mpaka kwenye nyusi.

Mwanangu, nakuambia wazi. Kujifanya najua kulinilia saa nzima, na kungeniulia moulin. Ukifika mbele ya kazi usiyoijua, muulize anayeijua, hata kama alizaliwa juzi na wewe umevaa vizuri. Na unapotafuta kitu, taja kile kitu.

Mungu akupe macho ya kuona, mikono isiyokaa bure, na sahani inayotosha mpaka jirani naye ashibe.