Siku Niliyojifanya Binti wa Amukura

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize ndipo niendelee, maana watu wa Amukura walishanicheka kuwapita nyinyi wote na bado niko hapa.

Mnanijua mimi ni Furaha, msusi wa pale nyuma ya soko la Busia, mtoto wa Bunia, kule Kongo. Lakini kuna miezi mitatu mizima ambayo watu walinijua kama Amoit wa Amukura, na aliyewadanganya ni mimi mwenyewe, hakuna mtu aliyenilazimisha.

Ilikuwa hivi. Barasa, huyu anayefundisha maigizo, alianzisha kikundi cha vijana wa hapa mpakani, Wasudani Kusini, Warundi, Wakongo, Waganda na wenyeji wachache, tucheze maisha yetu wenyewe, kwetu ni wapi, na nani anaamua. Kitu kizuri kabisa. Sasa siku ya kuandikishwa nilikuwa nimetoka sokoni, ambako muuza nyanya alikataa kunipunguzia bei eti sisi Wakongo tuna dhahabu (mimi! dhahabu! viatu nilivyovaa vilikuwa vimeshonwa mara mbili), kwa hivyo nilifika nimechoka na hilo neno Mkongo mpaka kooni. Barasa akauliza, "Dada, jina? Na kwenu ni wapi?" Mdomo ukajibu, "Amoit. Amukura." Amoit ni mteja niliyemsuka asubuhi hiyo, na Amukura, huko kwa Wateso, ndiko alikokuwa anaenda. Basi, ni hivyo tu, nikawa Mteso.

Barasa alifurahi. "Afadhali! Nilikuwa natafuta mwenyeji." Akanipa nafasi ya mama mwenye boma, yule anayesimama mlangoni na mwiko wa ugali akifukuza wageni. Mgeni mwenyewe alikuwa Deng, kijana wa Sudan Kusini, rafiki niliyempata humo humo kikundini, mrefu wa kuinama kila mlango. Kila zoezi anakuja kuomba maji, na mimi namwambia, "Mmetoka wapi nyinyi? Rudini kwenu!" Wote wanapiga makofi kwa sababu nayaweza kweli (kwa nini nisiyaweze, nimeambiwa hayo mara ngapi?).

Kisha siku moja Barasa akaja anakimbia: "Tumealikwa Amukura! Nyumbani kwa Amoit!" Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Asante Yesu."

Tulifika Jumamosi mchana, uwanja wa kando ya soko umejaa, na Barasa hata hakungoja, akashika kipaza sauti: "Leo tumewaletea binti yenu, Amoit!" Vigelegele. Mama mmoja mzee mwenye kitambaa cha zambarau akaja mbele, akanishika mikono yote miwili, akanisalimu kwa Kiteso.

"Yoga!"

"Yoga!" nikajibu (hiyo kila mtu Busia anaijua). Akaniuliza kitu kirefu. Nikasema, "Yoga." Akarudia polepole, kama mtu anaongea na mgonjwa. Nikasema, "Yoga," nikaongeza na kikohozi.

Akageukia Kiswahili. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kule chini," nikaonyesha na mkono.

"Kule chini ni shule."

Watu wakaanza kucheka. Mama hakucheka. "Na hilo jina, unajua maana yake?" Nikakohoa tena. "Ni mwanamke mgeni," akasema. "Hapo hujadanganya."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mtu mwenye akili angekimbia, lakini mimi nikamwambia Barasa tuanze mchezo, kana kwamba wakishaniona na mwiko watasahau. Deng akaingia, akaomba maji. Nikainua mwiko: "Mmetoka wapi nyinyi?" Mwanaume mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Anza wewe kutuambia!" Nikarudi nyuma, mguu ukanasa kwenye shuka tuliyofunga iwe ukuta wa nyumba, nikaanguka nayo, na miti yake, na kamba zake, nikawa napapasa humo ndani natafuta mlango kama kuku kwenye gunia.

Mnadhani nililia? Nilikasirika. Miaka minne nasuka vichwa vya watu hawa, mabibi harusi wao wanapendeza kwa hivi vidole, halafu niwaogope? Nikatoka na vumbi mpaka kwenye meno, na Kiswahili kilichotoka kilikuwa cha Bunia.

"Mi naitwaka Furaha! Natokaka kule Kongo! Nimedanganya, ndiyo, mucheke! Lakini mukisema nirudi kwetu, muniambie ni fasi gani, maana vitu yangu yote iko Busia!" (Fasi, kwetu, ni mahali.)

Yule mama akajifunga kitambaa vizuri, akaketi. "Haya, Furaha, maliza. Nimeacha mihogo juani nikuje kuona huu mchezo."

Tukaanza upya, nyumba haina ukuta. Deng alipoomba maji safari hii, hakuna aliyecheka.

Lakini njiani kurudi, Deng alinipa mgongo mpaka nikamuuliza ana nini. "Mimi siwezi kusema natoka Amukura," akasema. "Uso wangu unasema kabla yangu. Wewe uliweza kujificha, ukajificha, na ukanifukuza na mwiko miezi mitatu." Hiyo iliniuma kuliko kuanguka. Nilimwomba msamaha hapo hapo, nikamwomba tena kesho yake, na ilimchukua wiki tatu kunijibu. Yeye peke yake ndiye niliyemwomba.

Barasa naye, tukijiandaa kwenda kucheza Angurai, akaja na wazo kwamba sasa nicheze mgeni, eti itafaa zaidi. Nikakataa.

"Mimi ndiye mwenye boma."

"Na hiyo lafudhi?"

"Na hiyo lafudhi."

Angurai mtu mmoja alicheka niliposema neno la kwanza tu. Nikamwangalia mpaka akamaliza, nikaendelea.

Kudanganya kuhusu kwetu ni wapi, sitarudia, hata anayeuliza awe ananiuzia nyanya kwa bei ya nyama. Lakini bomani sitoki. Anayeona Mkongo hawezi kucheza mwenyeji, mazoezi ni Jumamosi saa nane, aje ajaribu kunitoa.