Siku Nilipoupigilia Mlango Misumari

Bado naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, hata harufu ya rangi. Nilikuwa karani wa kanju, yaani baraza la jiji, kijana kutoka Kakamega, na mimi na Mueni tulikuwa tumeoana majuzi tu. Tulikaa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja na jiko. Baba yake, Mzee Mutua, alikuwa ametuma habari kwamba anakuja kutuona kwa mara ya kwanza. Na mzee huyo alikuwa mchongaji vinyago kutoka Ukambani. Aliijua mbao kwa kuigusa tu.

Basi nikataka aone kwamba binti yake ameolewa na mwanamume. Nikanunua mbao nyembamba za urembo, zile zinazopigiliwa chini ya ukuta na kuuzunguka mlango. Mueni akaniambia nimwite fundi.

"Mbao ni nyundo na msumari," nikamjibu. "Fundi wa nini?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo niliijua, ila kwa mdomo tu.

Kuta za nyumba zile za zamani zimepinda, mwanangu. Ukiziwekea mbao iliyonyooka, zinakucheka. Tena kwenye kona, mbao mbili hukatwa mshazari ndipo zikutane vizuri. Mimi nilizikata vivi hivi, zikaacha pengo la kupita panya. Nikaliziba kwa donge la unga wa chapati, nikapaka rangi ya kahawia juu yake. Kwa mbali palipendeza. Kwa mbali sana.

Asubuhi ya ugeni ulibaki mlango. Nikaufunga ili nifanye kazi kwa nafasi, nikazungusha mbao zangu kwa ndani na kuzikaza kwa misumari ya inchi tatu, maana niliamini msumari mrefu ndio heshima. Mara nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Nikavuta mlango. Ukakataa. Nikavuta tena, mguu mmoja ukutani. Wapi! Misumari ilikuwa imepita kwenye mbao ikaingia mlangoni.

Sasa lisikie kosa langu hasa, maana hilo la misumari lilikuwa dogo. Nilipaza sauti dirishani: "Karibu, Baba! Samahani, kitasa kimeharibika."

"Usijali, mkwe wangu." Mzee akavua koti, akaazima patasi kwa jirani yetu Mama Akinyi, akaanza kukichokonoa kitasa.

"Mueni! Mlango imekataa mgeni?" Mama Akinyi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi Jogoo Road. Majirani wakatoka.

Kitasa kikaanguka vipande vipande. Mlango haukutikisika. Mzee akahema, akauanza upya. Mimi kimya. Mueni, aliyekuwa jikoni akimpikia mgeni kuku, akaweka mwiko chini, akaja dirishani.

"Baba, kitasa kilikuwa kizima. Huyu ametupigilia misumari."

Mzee akashusha patasi. Kisha mzee akauliza, "Ya inchi ngapi?"

"Tatu, Baba," nikasema.

"Tatu!" Akaketi kizingitini akacheka, akacheka mpaka Mama Akinyi akamletea maji.

Alinielekeza kupitia dirishani, ng'oa huu, acha ule, mpaka mlango ukafunguka. Akaingia, akapitisha kidole kwenye kona. Donge likamdondokea kiganjani. Akalinusa.

"Hii ni chapati," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakunifokea. Alinishika bega, akasema taratibu, "Mkwe wangu, pengo la mbao nitakufundisha kuliziba leo hii. Lakini umenisikiliza nikivunja kitasa kizima, ukanyamaza. Hilo sina patasi yake."

Tulikula kuku aliyeungua, kisha tukashinda tukikata kona mshazari, yeye akishika mkono wangu kama wa mtoto.

Nakuona siku hizi, mwanangu, ukitazama kwenye simu jinsi watu wanavyopamba nyumba. Pamba, nyumba nzuri humpa mtu heshima. Ila muulize anayejua kabla hujashika nyundo, kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, sema mapema. Kosa lililosemwa hutengenezwa kwa kicheko. Lililofichwa humtoa jasho asiyehusika.

Mungu akujalie mkono mtulivu na ulimi mnyoofu, na akuzungushie watu wasioogopa kukwambia ukweli. Amina.