Vidole vya Fundi Mbarouk

Usiku ule nililala najiona fundi kweli kweli. Mezani ilikuwapo kalamu ya wino ya mpingo, imetiwa maua ya yasmini kwa uzi wa fedha, na asubuhi tajiri mmoja angekuja kuichukua ili kadhi aandikie ndoa ya bintiye. Kazi ile ingenitoa, mji mzima ungenijua. Tatizo ni kwamba maua hayakuwa yangu. Aliyatia mwalimu wangu, marehemu Fundi Mbarouk, akafa kabla hajaipiga msasa. Mimi nilimalizia tu. Mzee alikuwa haanzi ua la kwanza kabla hajachora alama yake ndani ya kifuniko, mnunuzi asipopaona. Alama hiyo niliikwangua, nikachora herufi za jina langu.

Basi niko karakanani, na mzee amekaa kwenye kigoda chake, kanipa mgongo. Nasikia msasa unakwaruza.

"Shikamoo, fundi."

Nilipotazama tena, karakana ilikuwa chumba tulichomwoshea siku aliyokufa, na maji yanayopita miguuni mwangu ni meusi kama wino. Msasa haukomi. Namzunguka nimwone anasugua nini.

Anasugua vidole vyake. Havina kucha wala mistari. Vimekuwa laini, vyeusi, vinang'aa kama mpingo uliokwisha kutiwa nta.

"Umeanza wewe," anasema kwa upole. "Mimi namalizia tu."

Namwomba radhi. Anapuliza vumbi jeusi kwenye kiganja, analitazama, kisha ananitazama mimi.

"Nirudishie alama yangu. Nikimaliza vidole naanza uso."

Nikazinduka, fulana imelowa jasho na adhana ya alfajiri inamalizikia. Niliogopa, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi. Nikashika patasi ndogo, nikazikwangua herufi zangu zote bila kuzionea huruma. Nilipotaka kuichora alama ya mzee, mkono ukaganda. Miaka kumi na moja nimeiona kila siku, na sasa sikumbuki hata mstari mmoja.

Nikakumbuka kidau cha wanja alichomchongea mkewe, Bi Zuhura. Ndani ya kifuniko chake alama ile ipo. Nikaenda mbio hadi kwake, kalamu mfukoni, nikijiuliza njia nzima nitamwambiaje mjane habari kama hii.

Sikuwahi kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini na kidau mkononi, kanga kaivaa kinyumenyume.

"Kakuonyesha vidole?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanitia kidau mkononi.

"Basi fanya hima, mwanangu. Mie kanijia sasa hivi. Kidevu keshakimaliza."